Pakiti ya Mambrui Kwenda Malindi Haina Kazi Nairobi

Haya wasomaji wangu, leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na mafundi wenzangu wa mitandao pamoja na wakubwa wanaowalipa.

Kutoka hapa Mambrui hadi Malindi si mbali. Unavuka daraja la Sabaki, unaenda kidogo, umefika. Sasa chukua zahanati ya Mambrui inayotaka kusoma rekodi zilizo kwenye seva ya Malindi. Zahanati iko kwa kampuni moja ya intaneti, seva iko kwa nyingine. Ikiwa kampuni hizo mbili zinakutana Nairobi pekee, ombi la zahanati litateremka Mombasa, litapanda Nairobi, litageuka, litashuka tena Mombasa, ndipo liingie Malindi. Zaidi ya kilomita 1,000 kumfikia jirani! Nani aliyewahi kumpeleka samaki wa Ngomeni hadi Nairobi ili aje kuuzwa soko la Malindi? Mvuvi huyo tungemsomea dua.

Tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Ruta, au swichi ile kubwa yenye uwezo wa kuchagua njia, ina orodha ndani yake. Mimi naiita jedwali la njia. Kila mstari unasema: anwani za aina hii, zipitishe mlango huu. Pakiti ikifika, mashine inatafuta mstari ulio mahususi zaidi. Tuseme jedwali lina mistari mitatu:

10.20.5.0/24 – mlango wa Malindi
10.20.0.0/16 – mlango wa Mombasa
0.0.0.0/0 – mlango wa Nairobi

Pakiti ya 10.20.5.9 inalingana na mistari yote mitatu, lakini inakwenda Malindi kwa sababu mstari wa kwanza ndio mahususi zaidi. Mstari wa mwisho ni wa "kisichojulikana, tupa huku". Ufute mstari wa Malindi na ule wa Mombasa, na kila kitu kitapanda Nairobi. Mashine haina kosa. Ni kama makanga aliyefundishwa kituo kimoja tu: hata ukimwambia unashuka Gongoni, yeye atakupakia basi la Nairobi.

Kwa hiyo ninaposema jedwali halisimamiwi, maana yangu ni hii: fundi ameandika ule mstari mmoja wa jumla, akafunga kabati, akaenda zake.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kiufundi, mwananchi hayamhusu. Si kweli, na historia yetu inashuhudia. Novemba 2000 kampuni za intaneti, kupitia chama chao TESPOK, zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP. Kabla ya hapo, barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine iliweza kurushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kifungwe. Hakikumaliza mwaka! Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Swichi moja ndani ya chumba kimoja ilizua vita kwa sababu iligusa mfuko wa mtu. Anayeamua pakiti ipite wapi ndiye anayeamua nani alipwe.

Na faida ilionekana. Shirika la Internet Society lilikadiria kwamba mwaka 2012 asilimia 30 hivi ya data iliyotumika Kenya ilipatikana humu humu nchini. Kufikia 2020 ilikuwa asilimia 70 hivi. Vizuri sana. Lakini "humu nchini" kwa wengi bado ni Nairobi.

Hapa ndipo ninapochoka. SEACOM na TEAMS ziliingia Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Nyaya za dunia zinatua Pwani kwetu, na TESPOK iliweka kituo cha kubadilishana data Mombasa pia. Halafu kampuni inayouza huduma Malindi haijiungi pale, eti wateja wa Pwani ni wachache.

Nawajua wenzangu, nazijua na hoja zao. Ya kwanza: "Mwanga unakimbia kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya waya, milisekunde chache nani atazihisi?" Nakubali, hakuna atakayezihisi. Ugomvi wangu ni waya wa Nairobi ukikatwa. Siku hiyo Mambrui na Malindi zitakuwa hazionani ilhali waya kati yao ni mzima. Na kila pakiti inayopanda bure inakula nafasi ambayo mteja anailipia.

Ya pili: "Jedwali litajaa." Ni kweli tarehe 12 Agosti 2014 njia za intaneti yote zilipita 512,000, na mashine za zamani zilizotengewa nafasi hiyo zikakwama. Leo njia za dunia zimepita 900,000. Lakini nani amekuambia ubebe dunia nzima? Beba za majirani wa Kenya, ambazo ni sehemu ndogo sana, na nyingine ziache kwenye ule mstari wa jumla.

Ya tatu: "Jirani anaweza kutangaza njia ya uongo." Anaweza. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza njia mahususi zaidi ya YouTube, na kwa saa mbili hivi dunia ikaikosa YouTube. Dawa yake ni kuweka kichujio: kubali kwa jirani anwani zake tu. Kuvunja urafiki si dawa.

Wewe mteja, fungua lile dirisha jeusi la kompyuta yako, andika tracert na anwani ya ofisi yako ya Malindi au Kilifi. Hesabu vituo. Ukiona pakiti inatembea Nairobi, mpigie simu mtoa huduma wako umuulize: mmejiunga na kituo cha Mombasa? Kama hapana, kwa nini? Usikubali jibu la "tunashughulikia".

Hapa Ngomeni, jirani zetu, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwenda kuchunguza nyota. Pwani iliyorusha chombo angani haishindwi kufikisha pakiti ng'ambo ya Sabaki. Kinachokosekana ni mistari michache kwenye jedwali, na mtu wa kuiandika.