Picha ya Figo Huanzia Nyumbani



Mara kwa mara tunasikia malalamiko ya kina mama waliokwenda kupigwa eksirei ya njia ya mkojo, kisha wakaambiwa: picha haikutoka vema, rudi siku nyingine. Nauli imekwenda, na maumivu yako pale pale. Juma hili tuitazame sababu, kwani sehemu ya uzuri wa picha hiyo hutengenezwa jikoni mwetu.

Mfupa huzuia miali ya eksirei, ndipo ukaonekana mweupe. Figo, mirija na kibofu ni laini, havitofautiani sana na nyama inayovizunguka. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye ayodini, ambayo huizuia miali. Figo huichuja kutoka damuni, na baada ya dakika chache njia ya mkojo hung'ara, na palipozibwa na kijiwe hubainika.

Lakini choo na gesi tumboni huufunika mng'aro huo. Hii ndiyo hekima ya dawa ya kuharisha inayotolewa usiku wa kuamkia kipimo, na ya kuepuka mbaazi na maharagwe. Mahamri mawili ya asubuhi, yaliyoliwa kwa kumhurumia mgonjwa, yaweza kuiharibu safari nzima.

Maji ni jambo jingine. Zamani wagonjwa walinyimwa maji ili mkojo uwe mzito na picha ikolee. Siku hizi yajulikana kwamba ukavu wa mwili waweza kuzidhuru figo, hasa za wazee na wenye kisukari. Basi tusimzuie mgonjwa maji kwa kukisia, tumuulize daktari.

Yapo pia ya kusema bila kuona haya. Mwenye mimba, au aliyechelewa siku zake, aseme kabla ya kuingia chumbani, hata kama mama mkwe yupo karibu. Aseme mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia metfomini, na aliyewahi kudhurika na dawa hiyo. Ama kuwashwa na kamba au samaki hakutokani na ayodini. Kutajwe, lakini kusiwe sababu ya kukimbia kipimo.

Dada zetu, mgonjwa aliyeandaliwa vema hupigwa picha mara moja. Aliyefichiwa au kuficha, hulipa mara mbili, na pengine kwa afya yake.