Acheni kuua vipindi vya wenzenu!

Jamani, tangu turudi chuoni kutoka BTP stori ni ile ile, awe mtu alipangiwa Kilosa mjini au Mikumi. Ofisini kuna kompyuta moja au mbili, walimu wenyeji na sisi wa mazoezi tunagombania. Mtu anafunga skrini kwa paswedi, anaenda kufundisha dakika 40. Akirudi, kuna mtu keshamtoa kwa nguvu, na azimio la kazi la muhula mzima halipo.

Halafu unaambiwa "kompyuta ni ya wote". Sawa, ni ya wote. Kazi iliyo wazi humo ndani ni ya mtu mmoja!

Tuelewane kinachotokea. Kwenye mashine za Ubuntu, ukiandika kill -9 programu haiambiwi chochote, inafutwa pale pale. Namba 15 angalau inaiomba ijifunge yenyewe, ingawa nayo haiahidi kusevu kazi yako. LibreOffice kwa kawaida huweka nakala ya uokozi kila dakika 10, kwa hiyo ulichoandika baada ya hapo, kwaheri. Wale wa kubonyeza kitufe cha kuzimia ndio balaa kabisa: unataka kumtoa mmoja, kumbe nyuma yake kuna wengine wawili hawajatoka. Hata Windows hukuonya kwamba kuna mtu mwingine ndani na anaweza kupoteza kazi. Watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma.

Zamani Ctrl+Alt+Backspace ilikuwa inaangusha kila kitu kwenye skrini papo hapo. Ubuntu waliizima kwenye toleo la 9.04, Aprili 2009, kwa sababu watu walikuwa wanaibonyeza bahati mbaya na kupoteza kazi. Wao waliogopa bahati mbaya. Sisi tunafanya makusudi, tena walimu watarajiwa! Nani kati yetu angeingia darasani kwa mwenzake dakika ya 25 akafuta ubao?

Najua mtasema wapo wanaofunga skrini wakaenda kunywa chai saa nzima. Wapo, na wanakera kweli. Lakini kila mtu akiwa na akaunti yake, unabadili mtumiaji, unaingia kwako, kazi yake inabaki nyuma. Mashine ikiwa nzito, mfuate. Shule yenyewe si kubwa kama hifadhi ya Mikumi.

Rafiki yangu mmoja alichapa upya azimio lote usiku, stationery ya barabarani pale Mikumi, kwa hela yake ya kula, maana msimamizi wa chuo alikuwa anakuja asubuhi. Aliyemtoa alimjibu neno moja tu: "Ungesevu."

Kwa hiyo mtakaoshika paswedi ya admini BTP ijayo, bandikeni karatasi ukutani: skrini ikifungwa dakika 45 mwenyewe anaitwa kwanza, asipoonekana ndipo namba 15. Namba 9 iwe ya programu iliyoganda, siyo ya mtu aliyeko darasani.