Mdogo Wako na Herufi

Watoto, nyumbani mnao wadogo wasioingia bado masomoni. Watu wengine husema: «Huyu ni mdogo, angoje mwalimu.» Mimi sikubali. Mtoto wa miaka minne anaweza kuanza, na mwalimu wake wa kwanza ni wewe.

Anza na masikio. Mwulize: «Mama, maji, mahindi: mwanzoni unasikia nini?» Atajibu: «Ma!» Kisha twaa kijiti, andika mchangani m na a. Ile m usiite «em». Funga midomo, sema «mmm». Halafu fungua kinywa: «mmm-a, ma». Mdogo wako amesoma!

Wengine hutaka kuanza na Kifaransa. Si vizuri. Katika Kiswahili a, e, i, o, u zina kila moja sauti yake, haigeuki. Lakini Kifaransa huandika maji «eau»: herufi tatu, nawe wasikia «o» tu. Mtoto ashike kwanza lugha ya mama yake, Kifaransa kitafuata.

Halafu mwache achore: mistari, duara, herufi ya kwanza ya jina lake. Itapinda, kwa maana vidole vyake havijapata nguvu. Usimcheke, usimpige mkono. Mtoto aliyechekwa huficha mkono wake, na mwaka wa kwanza huingia na woga. Aliyesifiwa huomba kijiti tena.

Leo jioni, mbele ya kufungua kitabu chako, mwite: «Njoo, tuandike.»