Sabuni ao javeli? Kile ndoo ya mlangoni inaweza kufanya, na kile haiwezi

Kila mara ugonjwa wa kuambukiza unaingia katika majimbo yetu, kitu cha kwanza tunaona ni ndoo yenye robine mlangoni. Tuliiona wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa ambao uliua watu 2,287. Tukaiona wakati wa korona, kisha wakati wa mpox, pale OMS ilitangaza dharura mwezi wa Agosti 2024. Na kipindupindu, chenyewe hakiondoki kabisa kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika.

Lakini ndani ya ndoo haifanani kila mahali. Pengine ni maji na kipande cha sabuni. Pengine ni maji yenye kunuka klore. Pengine ni maji matupu. Wakaaji wengi wanasema ile yenye kunuka njo iko na nguvu. Tuangalie kama ni kweli.

Sabuni inafanya nini?

Sabuni inapikwa na mafuta, kama mawese, pamoja na soda kali. Vikichanganyika vizuri, mafuta yanageuka kitu kingine. Kila chembe ya sabuni iko na kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika uchafu na mafuta ya ngozi, kichwa kinafuata maji, na vyote vinateremka pamoja.

Virusi vya Ebola, korona na mpox vimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni inapasua utando ule. Kwa kipindupindu, kazi yake kubwa ni kung'oa vijidudu mkononi ili maji yavipeleke. Njo maana tunaambiwa kusugua sekunde 20 hivi, hata katikati ya vidole na chini ya kucha. Na sabuni ya kufulia ya bei ndogo inafanya kazi hiyo sawasawa na ile yenye marashi.

Javeli inafanya nini?

Javeli haing'oi uchafu namna ya sabuni. Klore iliyo ndani yake inaunguza mwili wa kijidudu. Shida ni kwamba haichagui: ikikuta matope, jasho ao matapishi, inaishia humo mbele ya kufikia kijidudu chenyewe. Kwa hiyo sakafu inasafishwa kwanza na maji na sabuni, kisha javeli inafuata. Mikono yenye udongo vilevile: ukiichovya tu katika maji ya klore, umefanya kazi nusu.

Tena, javeli inazeeka. Jua, joto na siku kupita vinaipunguza nguvu. Ile inayokaa juani katika chupa yenye kuonyesha ndani inaweza kubaki na harufu, lakini nguvu imekwisha kupungua. Maji ya klore yanapashwa kutengenezwa upya kila siku.

Kipimo nacho ni cha lazima. Kwa sakafu na vyombo vya mgonjwa, wahudumu wa afya wanatumia klore ya 0.5%. Kwa mikono, kama sabuni haiko, 0.05%. Ukiwa na javeli ya 5%, kikombe 1 kinaenda na vikombe 9 vya maji kwa sakafu. Kwa mikono, kikombe cha mililita 200 kinatosha ndoo ya litre 20. Mwangalie chupa vizuri: ile imeandikwa digrii 12 haiko 12%, inapungua hata 4%. Hiyo, kikombe 1 kinaenda na vikombe 6 vya maji kwa sakafu.

Na tahadhari moja kubwa: msichanganye javeli na siki, ndimu ao dawa ya asidi ya kusafisha choo. Inatoka gazi ya klore, inayochoma mapafu. Kuimwaga juu ya mkojo mwingi kunatoa gazi mbaya pia. Mufungue mlango na madirisha, musafishe kwanza na maji mengi.

Nani anajaza kesho?

Wakati wa dharura, mashirika yanaleta klore, ndoo na watu wa kupima. Dharura ikifungwa, kama OMS ilivyofanya juu ya mpox mwezi wa Septemba 2025, misaada inapungua na ndoo zinakauka. Klore inaomba mtu aliyefundishwa, kipimo, na mahali pa kivuli pa kuiweka. Sabuni inaomba maji tu, na mawese ya kuipika iko hapa kwetu.

Shule isiyo na feza nyingi inaweza kuyeyusha kipande cha sabuni katika chupa ya maji na kutoboa kifuniko. Kipande kimoja kinatumikia watoto wengi, na hakiibiwi kwa urahisi. Lakini kwa jamaa zilizokimbia vita, hata kipande hicho ni shida: feza ya sabuni njo feza ya unga. Pale, kusema "munawe mikono" bila kuleta sabuni ni maneno tu.

Basi, ukifika sokoni, kanisani, kwenye msikiti ao shuleni, usiulize kama ndoo inanuka. Uliza kamati ya soko, kamati ya wazazi ao shefu wa kartie mambo mawili: sabuni iko? Na nani amepewa kazi ya kujaza maji kesho asubuhi? Ugonjwa wa kesho hautangoja mashirika yarudi.