Mwenye pikapu ndiye mwenye kimya

Nimepotea kidogo, nisameheni, kazi za chumba cha habari hazina mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja anayeishi Ufaransa kanitumia picha wiki iliyopita. Nilidhani nitaona mnara wa Eiffel, kumbe ni baiskeli tupu. Yeye, mkewe na binti yao wa miaka saba wako kwenye njia inayotoka mji mdogo wa Givry kwenda Cluny, huko Burgundy, zaidi ya kilometa 40. Vilima kila upande, mashamba ya mizabibu, ng'ombe weupe wanatafuna majani, na hakuna gari. Sisemi kwamba siku hiyo magari yalikuwa machache. Yamekatazwa. Zamani hapo palipita reli. Treni zikaacha kuja, mataruma yakang'olewa, ikamwagwa lami, na tangu 1997 ni njia ya baiskeli, waenda kwa miguu na watu wa viti vya magurudumu. Njia za namna hiyo leo wanazo nchi nzima.

Nikamwuliza, mtoto wa miaka saba anapandaje vilima hivyo? Akanicheka. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, akasema, kwa hiyo waliojenga reli walishauzunguka mlima miaka mingi iliyopita, wakakata hapa, wakajaza udongo pale. Wewe unakanyaga tu. "Reli ilishakufanyia kazi."

Hayo maneno yakanikaa kichwani, maana mimi naishi Yombo, na reli ninayo.

Jumamosi saa 12 asubuhi nikatoka na baiskeli yangu ya mtumba, ile ambayo breki yake ya nyuma ni ya kubembeleza. Lengo langu lilikuwa kufika Kisarawe bila kugusa Barabara ya Nyerere mpaka itakaposhindikana. TAZARA, kwa waliosinzia kwenye somo la historia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Pembeni yake, kwa huku kwetu, kuna njia ambayo haikujengwa na mtu. Imechongwa na miguu na matairi. Unapita Kwa Limboa, Lumo, Kigilagila, Sitaki Shari, Moshi Baa, Majohe. Majina hayo peke yake ni safari.

Sitawadanganya kwamba ni Burgundy. Kuna mahali mchanga unameza tairi mpaka ushuke usukume. Kuna mahali njia inaishia kwenye kalavati na unabeba baiskeli begani kama mgonjwa. Kuna majalala. Lakini kwa karibu saa mbili sikusikia honi. Nilisikia jogoo, redio za watu, kengele za baiskeli. Mama mmoja alikuwa na ndoo ya maandazi kichwani, kijana kafunga trei za mayai kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mzee anasukuma gunia la mkaa lililo refu kuliko yeye. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kusimama. Ukisimama na gunia lile, kuondoka tena ni kazi. Tulipishana kwa kusogeleana tu, huyu anateremka kidogo kwenye majani, yule anapita.

Honi ya kwanza ilikuwa ya treni yenyewe. Ya mizigo, ndefu, haina haraka. Sote tukasogea mbali, tukangoja, ikapita. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba njia hii si yangu. Ni eneo la reli, na kisheria mimi na mama wa maandazi tulikuwa tumeingia kwa watu.

Nilipofika upande wa Mwakanga nikatokea barabara ya Kisarawe, na sasa kilima kikaanza kweli. Pugu ukiipanda kwa gari huioni. Kwa baiskeli unaihesabu. Halafu msitu wa Pugu Kazimzumbwi unakukaribisha na ubaridi wake, kivuli juu ya lami, na unaelewa kwa nini watu wanakuja mpaka huku kutazama bwawa la Minaki na mapango yaliyochimbwa udongo wa kaolini, ambayo sasa ni ya popo. Mwalimu Nyerere alifundisha hapa Pugu mpaka alipoacha kazi 1955, na inasimuliwa kwamba alikuwa akienda mjini kwa miguu kwa shughuli za chama. Nilikaa chini ya mti nikanywa maji, nikiwaza kama leo angefika.

Chini ya mti uleule walikuwepo vijana sita, wa rika letu, watu wa ofisini kwa kuwatazama. Kofia ngumu, bukta za kubana, baiskeli za gia nyingi ambazo mimi naziona kwenye picha tu. Zilikuja juu ya pikapu. Watu wazuri, walinipa karanga. Nikawauliza kwa nini hawakukanyaga kutoka nyumbani.

"Kaka, Barabara ya Nyerere? Sisi bado tunapenda roho zetu."

Tukacheka wote. Nilipoteremka ndipo kicheko kikanigeukia. Katika mji huu, kimya cha baiskeli kinafikiwa kwa gari. Mwenye pikapu anaifuata njia tulivu huko iliko. Yule mzee wa mkaa, ambaye hupanda baiskeli kila siku ya Mungu na si kwa ajili ya kupunguza tumbo, hana wa kumbebea. Na msinione mtakatifu. Jua lilipokuwa kali Gongo la Mboto, nilipakia baiskeli kwenye kirikuu nikarudi nimekaa.

Najua mtaniambia njia za baiskeli tunazo. Ni kweli. Mwendokasi ulipoanza 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli, na mradi ule uliipa Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata. Nendeni mkaitazame leo njia yenyewe. Bodaboda wamepaki, jiko la chipsi linatoa moshi, gari la mtu limepanda na matairi mawili. Simlaumu mwenye jiko, naye anatafuta. Ninachosema ni kwamba tumezoea kudhani njia ya baiskeli lazima iwe utepe uliobaki pembeni ya barabara kubwa, yaani makombo.

Mbona njia tulivu ziko nyuma ya nyumba zetu? Mwulize fundi baiskeli yeyote wa Mwananyamala akuelekeze Msasani. Atakupitisha vichochoro ambavyo gari halipiti, na shida itakuwa sehemu moja tu, pale unapoivuka barabara kubwa. Hapo ndipo watu wanapofia. Panahitaji kivuko chenye taa, daraja dogo kwenye mfereji, nguzo mbili tatu za kuzuia bajaji. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na mradi wa DMDP umeweka lami mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni, jambo ambalo nilishangilia kama wengine. Ila mtaani lami hufika na mwendo kasi, na hapo mwenye baiskeli husukumwa mtaroni.

Kuna mwenzangu ofisini aliyesoma rasimu ya haya akaniambia Dar siyo Ufaransa, wale baiskeli ni ya Jumapili. Hilo nakubali. Yetu ni ya Jumatatu, ndiyo maana sisi tunaihitaji njia hiyo kuliko wao.

Na kuna haraka. Mwaka 2025 TAZARA ilitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, wa kuikarabati na kuiendesha. Mimi naitakia heri, reli hai ni bora kuliko reli iliyogeuzwa njia ya matembezi. Treni zikiongezeka, kupita pembeni mwake kutazidi kuwa hatari, na kama uzio utakuja utakuwa na sababu. Lakini tumeshaona uzio wa SGR. Ulipopita, jirani wa ng'ambo akawa mtu wa kumzungukia. Kama hakuna atakayesema sasa kwamba watu wanasafiri hapa kila alfajiri na wanahitaji mita mbili nje ya uzio huo, basi siku utakapojengwa maandazi, mayai na mkaa vyote vitahamia Barabara ya Nyerere, katikati ya malori ya bandari.

Dada yangu anakaa Majohe. Mwanawe yuko kidato cha pili, shule iko ng'ambo ya barabara kubwa. Anatoka nyumbani saa 11 alfajiri kugombania daladala na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi. Ameomba baiskeli. Jumapili dada akanipigia: "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa baiskeli. Nimnunulie?"

Nikamwambia njia ya reli ni nzuri mpaka Kigilagila.

"Na baada ya hapo?"

Baiskeli nilishaipata kwa fundi hapa Yombo, Phoenix, mnyororo mpya, keria imara. Nimelipa nusu. Bado iko kwa fundi.