Mashine nayo ipimwe kwa wazee

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za akili mnemba zisome picha za kifua badala ya daktari katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu, kwa yeyote mwenye miaka 15 na kuendelea. Hatuna ugomvi na uamuzi huo. Wataalamu wa kusoma picha hizo ni haba, na walioko wamejaa mijini. Mashine inasoma mara moja, na haina likizo.

Lakini mwaka huohuo yalitoka matokeo ya watafiti waliopima programu tano za aina hiyo jijini Dhaka, Bangladesh, kwa picha za watu karibu 24,000. Zote tano zilivurunda zaidi kwa watu waliovuka miaka 60. Zilivurunda pia kwa waliowahi kuugua kifua kikuu, na wengi wa hao utawakuta kwenye foleni ileile ya wazee.

Haishangazi. Kifua cha mzee kina makovu ya maradhi ya zamani, kimevuta moshi wa kuni maisha yote, na pengine moyo umetanuka kwa shinikizo la damu. Hayo yote huonekana kwenye picha. Kifua kikuu chenyewe, kikimpata mzee, mara nyingi hakijionyeshi kama kwa kijana. Kwa hiyo akija muuzaji na kipeperushi kinachosifu programu yake kwamba inapatia karibu kila mara, aulizwe kwanza: inapatia kwa nani?

Kuna programu zinazotutia hofu zaidi, nazo ni zile zinazochagua nani afuatiliwe na nani aachwe. Mwaka 2019 utafiti katika jarida la Science ulifichua programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilikadiria ugonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu. Wamarekani weusi, ambao matibabu yao yalikuwa yakitumia fedha kidogo, wakaonekana wazima kuliko walivyokuwa.

Ilete programu hiyo wilayani kwetu. Mzee asiyejiweza anatibiwa bure, sawa, lakini nauli ya bodaboda hapewi. Anabaki nyumbani na dawa za mitishamba, faili lake jembamba. Kompyuta itamhesabu kuwa mzima wa afya.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayosajili vifaa vya hospitali. Kwa programu za akili mnemba iongeze sharti moja: muuzaji alete matokeo ya watu wa miaka 60 na zaidi yakiwa peke yake, yaliyopatikana katika hospitali za hapa nchini. Asituambie haiwezekani. Moja ya programu za mwanzo za kusoma picha za kifua kikuu ilipimwa Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wataalamu wa kazi hiyo tunao.

Hadi matokeo hayo yapatikane, wizara iwaandikie waganga wakuu wa wilaya waraka wa mistari miwili: mzee aliyekohoa wiki mbili apimwe makohozi, hata kama programu imesema kifua chake ni safi.