Injini Mbili si Dhamana

Wapo wananchi, hasa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia waliozoea ndege ndogo, wanaoamini kwamba injini mbili ni salama maradufu. Imani hiyo yahitaji kusahihishwa. Injini moja ikizimika mara baada ya kuruka, ndege hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kupaa, aghlabu kiasi cha asilimia 80. Visiwani, usawa wa bahari, huenda kilichobaki kikatosha. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungua nguvu, na misitu ya Kagerankanda haina pa kutua.

Wajibu wa rubani ni kulinda mwendo na mwelekeo, kisha kuhakikisha ni injini ipi iliyokufa. Mjini Taipei, Februari 4, 2015, rubani wa ndege ya abiria alizima injini iliyo nzima. Watu 43 walipoteza maisha. Ndege ikikataa kupaa, heri kutua mbele kuliko kugeuka kurudi uwanjani.

Hata hivyo, usalama huanzia ardhini, kwenye mizani. Kwa hiyo tunawaasa viongozi: rubani akisema shehena imezidi, asishurutishwe. Mzigo uteremshwe, hata ukiwa wa mkubwa.